Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe: tathmini kwa mpenzi wa taarab

Kwa anayependa taarab na ngoma za mwambao, tiketi ya Sauti za Busara ni pesa iliyokwenda mahali pake. Tuliseme hilo mapema, maana yanayofuata ni mengi na mengine ni ya kuonya.

Tamasha hili hufanyika Unguja kila Februari tangu 2004, na kitovu chake ni Ngome Kongwe, ile boma ya mawe inayotazamana na bustani ya Forodhani. Mwaka 2016 halikufanyika kwa ukata, likarudi 2017. Hata 2021, kumbi za nchi nyingi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya Uviko, lilifanyika. Sababu kubwa ya kulipenda ni kanuni moja ambayo waandaaji hawajailegeza: anayepanda jukwaani apige na aimbe laivu. Pleibeki hakuna. Siku hizi msanii mwenye jina anaweza kujaza uwanja kwa kipaza sauti kimoja na flashi ya didjei, na ndiyo maana kanuni hii ina thamani kuliko orodha yoyote ya majina makubwa.

Lakini laivu ya taarab si laivu ya gitaa mbili na dramu. Kundi lililokamilika huja na fidla mbili hadi nne, udi, ganuni (chombo bapa cha nyuzi kinachodonolewa), kodiani, nai (filimbi ya mwanzi), besi ya kusimama au selo, dumbak (ngoma ya mkono), rika (tari dogo lenye njuga) na bongo, kisha waitikiaji na mwimbaji. Ganuni peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na kila uzi una kigingi chake kinachokazwa kwa ufunguo. Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na mmoja mnene wa peke yake. Sasa weka vyombo hivi kando ya bahari mwezi wa Februari, joto limepanda na hewa ina unyevu wa chumvi. Daraja la ganuni limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikinywa unyevu hulegea, daraja huzama kidogo, na nyuzi zote hushuka kwa pamoja. Ikipandishwa jukwaani chini ya taa kali, ngozi hukauka na kukaza, sauti inapanda tena. Kwa hiyo ganuni iliyofungwa vizuri nyuma ya jukwaa saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku huwa si ile tena. Dumbak na rika za ngozi zina tabia hiyohiyo, na ndiyo sababu wapigaji wengi wamehamia ngozi za plastiki, ambazo hazijali hali ya hewa ingawa mlio wake ni mkavu zaidi.

Basi ukimwona mpigaji ganuni ameinama na ufunguo wake dakika tano nzima kabla ya wimbo wa kwanza, usipige miluzi ya kumharakisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Taarab haina mrundikano wa sauti za gitaa wa kuficha uchafu. Fidla, udi, nai na ganuni hupita njia moja ya sauti, kila mmoja akiirembesha kwa namna yake. Chombo kimoja kikishuka robo ya noti, sikio lolote lililolelewa na muziki huu linalijua hilo kwenye mstari wa kwanza. Kundi likiharakishwa kuanza, uharibifu husikika zaidi kuanzia wimbo wa pili, ngozi zinapoanza kupata joto la taa.

Tatizo la pili ni ngome yenyewe. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Mreno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na waliijenga kuzuia mizinga. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ndefu na nene, na juu kuna anga tupu. Kukosa paa ni neema, maana sauti nyingi hutoroka juu. Zinazokwenda mbele zinagonga ukuta na kurudi. Piga hesabu: umesimama, ukuta uko mita 20 nyuma yako. Mlio unaokupita unakwenda mita 20 na kurudi mita 20. Katika joto la Februari sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo unarudishiwa neno lilelile baada ya zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sikio la binadamu huunganisha milio miwili ikipishana chini ya kama sehemu ya ishirini ya sekunde. Ikizidi hapo, hasa kwenye maneno na mapigo makali ya ngoma, husikia miwili. Kwa dansi la mapigo mazito haina madhara makubwa. Kwa taarab, ambayo nusu ya utamu wake ni fumbo lililofichwa ndani ya ubeti, kupoteza konsonanti ni kupoteza wimbo.

Kwa hiyo pa kusimama ni suala la kupangwa. Ingia mapema, ua ukiwa bado haujajaa, simama unapodhani utakaa na upige kofi moja kali. Ukisikia jibu lililojitenga, kama mtu mwingine amepiga kofi ng'ambo, hama. Mahali pa kwanza pa kuchagua ni mbele kidogo ya meza ya fundi mitambo, katikati ya safu mbili za spika, maana fundi anasawazisha sauti kwa anachokisikia pale alipo. Pakijaa, rudi nyuma hadi mita nne au tano kutoka ukutani. Hapo mwangwi wa ukuta huo unakufikia haraka kiasi cha kuungana na sauti ya asili na hata kuitia nguvu. Usiegemee ukuta. Pembezoni kabisa besi hulundikana na kila kitu kinakuwa mvumo.

Mstari wa mbele kabisa tunaupendekeza kwa mpiga picha, si kwa msikilizaji. Spika kubwa za juu hupeleka sauti ya mwimbaji kwa walio mbali. Aliye miguuni pa jukwaa anapata besi ya chini, ngoma, na makombo ya monita, yaani spika ndogo zinazowaelekea wasanii. Wengi hutoka pale wakilaumu kuwa mwimbaji hakusikika, na walio hatua ishirini nyuma yao wanashangaa malalamiko hayo yametoka wapi.

Ngome ina nyua mbili, na kwenye ua mmoja kuna ngazi za mawe za kukalia zilizozunguka jukwaa. Kwa makundi madogo, udi na ganuni na sauti moja, huko ndiko kuzuri kuliko jukwaa kubwa. Kaa ngazi za katikati, si za chini kabisa. Chukua khanga, ikunje mara nne, ukalie. Jiwe linaumiza baada ya nusu saa, na mapema jioni bado limeshika joto la mchana.

Mlio wa spika kupiga mluzi una sababu zake na si kila mara uzembe wa fundi. Fidla na ganuni ni vyombo vya sauti ndogo, hivyo vipaza sauti vyao hufunguliwa sana. Kikifunguliwa sana, kipaza kinanyonya hata sauti ya monita iliyo chini yake, inarudi kwenye monita, inazunguka, mluzi unatoka. Kundi la watu kumi na tano lenye vipaza kumi na zaidi vilivyo wazi kwa wakati mmoja ni mtihani mgumu kuliko bendi yoyote ya umeme. Dalili ya fundi anayeijua taarab ni hii: hufunga vipaza vya waitikiaji wakati hawaitikii, na hukubali muziki wote uwe chini kidogo ili mwimbaji akae juu yake.

Kuhusu masikio, tahadhari ni moja. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 2022 kwa kumbi za muziki ni wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, na tamasha lina saa nyingi kwa siku. Karatasi ya chooni au pamba masikioni haizuii kitu cha maana. Vizibo vya sponji vinazuia vizuri lakini vinakula zaidi sauti nyembamba, yaani nai inafifia na ganuni inapoteza ule mng'aro wake. Vivae kwa makundi ya spika nzito. Vizibo vya wanamuziki, vyenye kichujio ndani, hupunguza sauti za juu na za chini kwa uwiano, na ndivyo vya kuvaa kwa taarab. Cha sponji kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha ukishikilie sekunde 30 kitanuke. Wengi wanaosema hakifanyi kazi hawajawahi kukishikilia.

Sasa lawama yetu kubwa kwa mpango wa tamasha. Muda anaopewa msanii mmoja kwenye tamasha lenye makundi mengi ni mfupi, na taarab ni muziki wa kukaa. Taarab ya asili hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha vyombo vitupu, ili masikio yatulie. Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 10 hadi 15, kwa sababu kila ubeti unarudiwa na vyombo vinajibu kati ya mstari na mstari. Kwenye muda wa tamasha hiyo ni bashraf na nyimbo tatu nne, basi. Makundi mengine hukata bashraf ili wapate wimbo mmoja zaidi. Ni hasara. Kundi likitokea na bashraf kamili mbele ya umati unaosubiri kucheza, mpe heshima yake ya ukimya.

Kumtunza mwimbaji kwa pesa kunaruhusiwa na kunapendeza, ila kuna namna yake. Noti za 1,000 na 2,000 zivunjwe mapema, maana mashine za pesa za Mji Mkongwe hupata foleni ndefu usiku wa tamasha. Ngoja mwimbaji amalize mstari. Panda kwa ubavuni, si mbele ya wapiga fidla ambao wanatazamana ili waanze pamoja. Mpe mkononi au weka alipoonyesha, cheza hatua mbili, shuka. Anayesimama jukwaani dakika nzima akisubiri kupigwa picha anawafunika wapigaji, na besi ikikosa kumwona mpiga dumbak mwendo unayumba.

Kidumbak, ndugu mdogo wa taarab, kwa upande wake, haina shida hata moja kati ya hizi. Fidla moja inayolia kwa fujo, besi ya sanduku, vidumbak viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (manyanga): chombo kila kimoja kina mlio mkavu unaokata hewa, na kuta za ngome zinauongezea nguvu tu. Beni nayo, kwa tarumbeta na matari yake, ni ya barabarani na hupatikana kwenye maandamano ya ufunguzi bila tiketi. Jukwaa la Forodhani pia ni la bure. Mwenye bajeti ndogo aanzie hapo jioni, ale mapema kabla foleni za mishikaki na urojo hazijafika baharini, aulize bei kabla ya kuagiza, kisha akate tiketi ya siku moja tu kwa usiku wenye kundi analolitaka.

Tiketi za Watanzania zina bei ya chini kuliko za wageni, na mlangoni unaweza kudaiwa kitambulisho. Picha ya kitambulisho kwenye simu isiyo na chaji haisaidii. Ratiba hukimbia hadi kama saa saba usiku, na hakuna boti ya abiria ya kurudi Dar es Salaam saa hizo, hivyo chumba ni sehemu ya gharama. Boti ya mwendo kasi huchukua karibu saa mbili. Ichukue ya asubuhi, usije kufika ngomeni na begi mgongoni. Asiye Mtanzania aweke akilini bima ya lazima ya kuingia Zanzibar iliyoanza Oktoba 1, 2024, ambayo kiwango chake kilitangazwa kuwa dola 44 za Marekani. Na tazama kalenda kabla ya kuweka pesa popote: Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na sasa imeifikia Februari. Mwaka 2027 mfungo unategemewa kuanza takriban Februari 8, kwa hiyo usidhani tarehe na majukwaa yatakuwa yaleyale ya mwaka uliopita. Mabegani na magotini funika, huu ni mji wa watu wanaoishi na kuswali hapohapo.

Tuje kwenye albamu, maana kwa muda ule mfupi wa jukwaani albamu ndiyo inayokupa salio. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab ya kale, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Wimbo wa usiku mzima ukabanwa ndani ya hizo tatu. CD inabeba hadi dakika 80, yaani nyimbo tano hadi saba za taarab bila kukatwa. Kwa hiyo albamu ya taarab ya asili yenye nyimbo 14 za dakika nne nne inakwambia mapema kwamba kuna kitu kimepunguzwa. Muulize muuzaji ni bashraf au ni beti.

Nunua kwa msanii mwenyewe au meza ya kundi lake, palepale ukumbini. Kwenye kava tafuta majina ya wapigaji, mwaka na mahali iliporekodiwa. Nakala iliyochomwa mtaani haina hayo, na mpigaji fidla hapati hata senti. Ikiuzwa kwa flashi, uliza aina ya faili. MP3 ya kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde huchukua karibu MB 2.4 kwa dakika, WAV ya kiwango cha CD karibu MB 10. Wimbo wa dakika 12 ukiwa na MB 5 tu, umebanwa mno, na cha kwanza kufa ni mlio wa ganuni: badala ya punje punje unasikia mchirizi wa maji.

Ukipewa nafasi ya kusikiliza kabla ya kulipa, usisikilize mwanzo peke yake. Sikiliza bashraf ujue kama fidla ni za kweli. Fidla tatu za watu watatu hazigusi noti kwa wakati mmoja kamili, kuna upana mdogo kati yao; za kinanda huanza pamoja na kufa pamoja kama zimekatwa kwa kisu. Kisha ruka hadi ubeti wa pili, sauti ya chini, uone kama maneno yanasikika bila kukaza sikio. Halafu nenda dakika ya mwisho: ukikuta wimbo unafifishwa taratibu katikati ya maitikio, ujue walikata.

Za kuanzia zipo. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa una juzuu ya kwanza ya Nadi Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa 1905, na juzuu ya nne ya Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye sauti yake haikuwa na haja ya kupambwa. Hizi ni za kujifunzia sikio. Siti and the Band, ambao mizizi yao ni chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) hapo Unguja, walitoa "Fusing the Roots" mwaka 2018. Ni ya jukwaani kwa tabia yake, besi iko mbele, na anayetoka kuwaona laivu hatajiona kapunjwa. "Siti of Unguja" ya mwaka 2020 ni ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, na imetolewa na On the Corner ya London. Hapo studio imetumika kama chombo, kuna mwangwi na kina cha besi ambacho ukumbi hauwezi kukupa. Ina wapinzani wake kati ya wapenzi wa taarab kongwe. Sisi tunaipa alama za juu kwa jambo moja: sauti ya mwimbaji haikuguswa kwa urembo wa kupita kiasi, pumzi zake zinasikika. Isikilize kwa visikizi au spika zenye besi safi. Kwenye spika ya simu nusu ya kazi haipo kabisa.

Kurekodi kwa simu pale ngomeni hakuleti kitu cha kuhifadhi. Kipaza cha simu huzidiwa karibu na spika na sauti inapasuka, hata picha ikiwa safi. Ukitaka kumbukumbu, rudi karibu na meza ya mitambo, chukua nusu dakika, weka simu mfukoni.

Mwenye usiku wa ziada Unguja asiumalizie tamashani. Culture Musical Club, kundi la tangu 1958, wana jumba lao Vuga, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ngomeni. Makundi kama hili hufanya mazoezi jioni, na mgeni mwenye adabu kwa kawaida hakatazwi kukaa. Ulizia siku kwa wenyeji, maana wiki ya tamasha ratiba zao huhama. Hakuna spika kubwa wala ukuta wa mita 20. Omba ruhusa mlangoni, kaa nyuma ya fidla, na wakianza bashraf hesabu ni mara ngapi kiongozi anawasimamisha kwa ajili ya noti moja.